Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Umoja wa Wahitimu wa Fani ya Meno Tulioko Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa wahitimu wenzetu. Mengine yaliulizwa katika mikutano ya Unguja na Chake Chake, mengine yalikuja kwa simu kutoka kwa wenzetu walioko Bara, Oman na Uingereza, na machache yaliulizwa na wazazi ambao watoto wao wanatamani kusomea fani hii. Nimeyajibu mimi niliyepewa kazi ya ukatibu, na majibu yakasomwa na wenzangu wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, kabla ya kutolewa. Pale ambapo rai ni yangu mwenyewe nimesema hivyo waziwazi.

Umoja huu ni wa nani hasa?

Kiini chake ni madaktari wa meno tuliosomea Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wako kati yetu waliosoma katika miaka hiyo ya mwanzo, wako waliopita hapo baada ya mwaka 1991, Muhimbili ilipokuwa chuo kikuu kishiriki, na wako vijana wa baada ya mwaka 2007, kilipokuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Jina la chuo limebadilika mara kadhaa, lakini wote tulijifunza kushika koleo katika jengo lilelile, na hilo linatosha kutufanya ndugu.

Hatukuishia hapo. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba matabibu wa meno wenye stashahada, wawe wamesoma hapa visiwani au Bara, wana haki sawa ndani ya umoja, na vilevile wenzetu waliosomea nchi nyingine kisha wakarudi kufanya kazi nyumbani. Wapo walioona kwamba kufanya hivyo ni kulipanua jina la wahitimu kupita kiasi. Rai yangu ni kwamba mgonjwa wa Micheweni aliyekesha akiuguza gego haulizi cheti cha anayempokea kilitoka wapi, na kwa kuwa tabibu wa meno ndiye anayempokea mara nyingi zaidi, umoja usiomjumuisha tabibu ungekuwa umewaacha nje wale wanaouhitaji kuliko wote.

Chuo kina utaratibu wake wa wahitimu. Kwa nini tuwe na umoja mwingine visiwani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake ndilo sababu ya umoja huu kuwepo.

Daktari wa meno, tofauti na wenzake wa wodini, hufanya kazi peke yake. Daktari wa watoto ana mwenzake wa kumuuliza kwenye mzunguko wa asubuhi, na daktari wa upasuaji ana mtu wa ganzi na muuguzi pembeni. Sisi mara nyingi tunakuwa na kiti kimoja, msaidizi mmoja ikiwa Mungu amejaalia, na foleni ya watu waliovumilia maumivu mpaka yakawashinda. Ukiwa mjini Unguja unaweza kumpigia mwenzako akafika kwa gari. Ukiwa Pemba, mwenzako wa karibu huenda yuko wilaya nyingine, na aliyebobea katika upasuaji wa kinywa na taya yuko ng'ambo ya bahari.

Nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi. Niliwekwa katika kituo ambacho sitakitaja, na jioni moja aliletwa kijana mwenye uvimbe ulioanzia kwenye gego la chini, ukawa umeshuka chini ya ulimi na chini ya taya pande zote mbili. Sauti yake ilikuwa imebadilika, mate yalimtoka kwa sababu hawezi kumeza, na ulimi ulikuwa umesukumwa juu. Nilikuwa nimesoma kuhusu hali ile, nilikuwa nimeifanyia mtihani, lakini sikuwahi kuiona kwa macho. Nilimpigia mwenzangu niliyemaliza naye mwaka mmoja. Aliniuliza maswali matatu tu, kisha akaniambia nisimlaze chali, nimpe dawa za kuua vijidudu kwa mshipa mara moja, na nisingoje asubuhi kumhamishia kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na mtu anayeweza kuilinda njia ya hewa, kwa kuwa kinachoua katika ugonjwa ule ni pumzi kuzibwa kabla hata ya usaha kusambaa. Kijana alisafirishwa akiwa ameketi, akapasuliwa usaha ukatolewa, gego likang'olewa, akapona. Kituo changu hakikuwa na kitabu cha rejea wala mtu wa zamu wa kuulizwa. Nilikuwa na nambari ya simu ya mtu mmoja niliyesoma naye.

Umoja huu ni ile nambari ya simu iliyowekewa utaratibu. Kila wiki kuna mwanachama mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba waliokubali kupokea simu za wenzao wakati wowote, na majina yao hutumwa kwa wanachama kila Ijumaa. Utaratibu wa wahitimu wa chuo unatuunganisha na walimu wetu na historia yetu, nao tunauthamini. Huu wa kwetu ni wa saa tatu usiku, mgonjwa akiwa mbele yako.

Ni habari zipi za wahitimu mnazozitangaza, na zipi hamzitangazi?

Tunatangaza uhamisho wa kikazi, kwa sababu kila mwanachama anatakiwa ajue nani yuko wapi anapotaka kupeleka rufaa. Tunatangaza wanaokwenda kusoma zaidi na wanaorudi, ndoa, watoto wanaozaliwa, na misiba. Habari ya msiba hutangazwa baada ya familia kuridhia, pamoja na mahali pa maziko na siku ya hitma, na mchango wa rambirambi hukusanywa na mtu mmoja tu ili wafiwa wasisumbuliwe na simu nyingi. Hatutangazi migogoro ya kazini, malalamiko dhidi ya mwajiri, wala makosa ya kitaaluma ya mwanachama. Hayo yana mabaraza yake.

Je, naweza kutuma picha ya mgonjwa ili wenzangu wanishauri?

Unaweza, kwa idhini yake, na kwa kumtumia mtu mmoja au wawili unaowataka ushauri. Picha ya mgonjwa haitumwi kwa kundi zima. Baadhi ya wenzetu wameona kanuni hii ni kali mno, hasa kwa kuwa picha ya kinywa haionyeshi uso. Visiwani kwetu hoja hiyo haisimami. Katika shehia ndogo watu hujuana kwa mwendo na kwa kicheko, na jino la mbele lililovunjika nusu linaweza kumtambulisha mtu kama jina lake. Mama aliyekubali kufunua kinywa chake mbele yako, pengine baada ya miaka ya kukificha kwa mtandio, amekuamini wewe peke yako.

Tarehe 20 Machi mnafanya nini, na kwa nini miaka mingine mmeisogeza?

Tarehe hiyo ni Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, nasi huiadhimisha kwa kupima watoto wa skuli na kuzungumza na wazazi. Mwaka 2024 na mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani, na haikuwa busara kuwapanga watoto waliofunga chini ya mti saa sita mchana na kuwafundisha kusukutua. Shughuli za namna hiyo zinaposadifiana na mfungo tunazipeleka baada ya Idi, na mwezi wenyewe tunautumia kwa jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina manufaa zaidi.

Ramadhani ndipo tunapoona wagonjwa wachache asubuhi na wengi wenye hali mbaya mwishoni mwa mwezi. Mtu anaumwa jino tangu kumi la kwanza, anaogopa kwamba sindano ya ganzi au damu ya kung'oa itamharibia saumu, anavumilia, na anapofika kwetu shavu limeshavimba. Sisi si watu wa kutoa fatwa, na mwanachama haruhusiwi kumwambia mgonjwa kwamba saumu yake ni sahihi au si sahihi. Tunachofanya ni mambo mawili. La kwanza, kabla ya mwezi kuandama, tunawaomba masheikh wa misikiti ya karibu walizungumzie suala la tiba kwa mfungaji ili watu wapate jibu kutoka kwa wanaostahiki kulitoa. La pili, wanachama wanaoweza hufungua kliniki baada ya futari. Ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa wengine hutoka hapo kwenda tarawehe na kuamka tena kwa daku, lakini aliyewahi kuondoa jipu la jino saa nne usiku kwa mtu aliyekuwa akingoja magharibi tangu alfajiri hahitaji kushawishiwa.

Kuhusu mswaki wa mti, ambao wakati huo watu huutumia zaidi: tusiwakatishe tamaa. Unaondoa ukoga ukitumiwa kwa utaratibu, nao una heshima yake katika dini na desturi. Tuwaonyeshe namna ya kuutafuna uwe laini, kufuata mstari wa fizi bila kuuchubua, na kuyafikia magego ya nyuma kwa ndani, na tuwashauri kuongeza dawa ya meno yenye floraidi usiku baada ya daku na kabla ya kulala.

Mkienda skuli mnaziba meno bila umeme. Je, hiyo ni tiba kamili au ni ya muda?

Ni tiba kamili pale inapotumika kwa jino linaloistahiki, na wahitimu wa Muhimbili ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuitilia shaka. Njia hii, ambayo darasani tulizoea kuiita kwa herufi tatu, ART (kwa Kiingereza Atraumatic Restorative Treatment), ilianzia Dar es Salaam, katika skuli yetu wenyewe ya meno, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi aliyoiongoza Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifundisha hapo. Palikuwa na wagonjwa wengi vijijini, umeme haukuwepo, na mashine za kutoboa meno hazingeweza kufanya kazi. Likaulizwa swali jepesi: je, sehemu iliyooza na kulainika haiwezi kukwanguliwa kwa kifaa cha mkono, kisha tundu likazibwa kwa saruji inayoshikamana na jino? Mwaka 1994, ambao Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa mataifa. Leo inafundishwa katika nchi nyingi zenye umeme usiokatika, kwa sababu iligunduliwa kwamba watoto hawaiogopi sana: hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna sindano.

Saruji tunayotumia ni glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya majimaji ya fedha na floraidi inayopakwa kwenye jino ili kuoza kusimame. Dawa hii ya mwisho huligeuza jino lililooza kuwa jeusi daima. Mzazi aambiwe hivyo kabla, aonyeshwe picha, na akubali. Kuna mwenzetu aliyelisahau hilo kwa mtoto wa kike, na ingawa jino lilinusurika, mama hakurudi tena wala hakumleta mdogo wake.

Mipaka ya njia hii tuijue. Tundu linaloshika uso mmoja wa jino hudumu vizuri, na lililo kati ya meno mawili halidumu vilevile. Jino ambalo uozo umefika kwenye kiini, au lenye usaha, halizibwi juu juu ili mtoto arudi darasani. Hilo ni la kupewa rufaa.

Wazazi wakiuliza kiasi cha dawa ya meno, tutumie vipimo vya jikoni: punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, punje ya mbaazi kuanzia miaka mitatu hadi sita, na mtoto ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.

Tunaambiwa tuache kuziba kwa risasi ya zebaki. Msimamo wa umoja ni upi?

Kile ambacho wagonjwa huita risasi ni mchanganyiko wa zebaki na madini mengine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na maamuzi ya nchi wanachama ya mwaka 2022 yanataka mchanganyiko huo usitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hapana budi. Mwaka 2025 nchi hizo zilikubaliana kukomesha kabisa matumizi ya mchanganyiko huo ifikapo 2034. Wanachama wenye akiba ya zamani wasiitupe kwenye jalala wala kuichoma. Na mgonjwa mwenye risasi nzima isiyovuja asing'olewe risasi hiyo kwa hofu, kwani kuitoa bila sababu humwongezea mvuke wa zebaki kuliko kuiacha.

Wagonjwa wanapaka mafuta ya karafuu. Tuwaambie nini?

Tuwaambie ukweli wote, kwa sababu nusu ya ukweli imeshawafikia. Karafuu hutuliza jino kwa sababu ya yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, na yujenoli hiyohiyo ikichanganywa na oksaidi ya zinki ndiyo dawa tuliyofundishwa kuiweka kwenye jino linalouma kabla ya kuliziba kwa kudumu. Kila nikifungua kichupa chake chenye maandishi ya kigeni hunijia harufu ya mabusati ya Pemba wakati wa msimu, karafuu zimeanikwa uani na watoto wakizichambua makonyo, na nahisi fahari kwamba zao la wazee wetu limo ndani ya masanduku ya madaktari wa meno wa dunia nzima. Wanafunzi wanaotutembelea Chake Chake huwa tunawapeleka Wawi, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, kabla ya kuwapeleka kliniki, ili wajue dawa wanayoishika inatoka wapi.

Ukweli wa pili ni kwamba mafuta hayo yakimwagwa yenyewe huunguza fizi na ndani ya shavu, na mtoto mdogo akiyameza ni hatari kubwa. Mgonjwa atumie tone moja kwenye pamba, aiweke ndani ya tundu la jino tu, na ahesabu kwamba amepata usiku mmoja wa kungojea kliniki. Maumivu yakikoma yenyewe baada ya siku kadhaa mara nyingi ni kwa sababu kiini cha jino kimekufa. Na kwa wanachama: jino lililowekwa yujenoli lisizibwe siku hiyohiyo kwa resini, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, kwani yujenoli huizuia resini kukauka sawasawa. Kosa hili limeonekana mara kwa mara katika kazi za wenzetu vijana, na wengi walidhani resini yao ndiyo mbovu.

Tambuu je? Wazee wanaona tunaingilia mambo yao.

Tambuu ina nafasi yake katika mazungumzo ya barazani na katika sherehe, na kijana wa juzi akiingia na kumkemea bibi aliyemzidi miaka hamsini hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa. Lakini popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, imethibitishwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa husababisha saratani kwa binadamu, hata pasipo tumbaku ndani yake, tangu tathmini iliyofanywa mwaka 2003 na kutangazwa 2004. Wengi wanaamini kwamba kuondoa tumbaku kunatosha, na hapo ndipo pa kuanzia maelezo.

Tunachoomba kila mwanachama afanye ni kukagua kinywa kizima cha kila mtumiaji wa tambuu, hata kama amekuja kwa jino moja. Avute ulimi kwa shashi, aangalie kando zake na chini yake, apapase mashavu kwa kidole. Shavu lililopauka na kukakamaa kama lina nyuzi ndani, pamoja na mdomo usiofunguka kama zamani, ni dalili ya ugonjwa wa popoo unaoweza kugeuka saratani. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili kinatakiwa kikatwe kipande kidogo kikapimwe, na rufaa yake isingoje mwezi ujao. Mwambie mgonjwa kwa heshima, "Bibi, nimeona mahali ambapo ningependa mwenzangu apaangalie," na umpigie mwenzako huyo palepale mgonjwa akisikia. Mgonjwa aliyesikia jina la anayemngojea ng'ambo hupanda boti. Aliyepewa karatasi tupu mara nyingi hubaki nayo nyumbani.

Ninaishi nje na nimepata kiti cha meno cha kuchangia. Nikitume?

Tafadhali usitume kabla hatujazungumza. Tumewahi kupokea kiti kizuri sana kilichokuja bila kompresa, na kingine kilichotengenezwa kwa umeme wa volti 110 wakati wetu ni wa volti 230. Cha kwanza kilikaa kimefunikwa shuka kwa muda mrefu, na cha pili kiliungua siku ya kujaribiwa. Waliotuma walikuwa na nia njema na walilipia usafirishaji kwa jasho lao, ndiyo maana jambo lenyewe linauma.

Kabla ya kutuma tunataka kujua volti na masafa yake, mwaka wa kutengenezwa, kama vipuri bado vinauzwa, na kama kompresa na mfumo wa kunyonya mate vimo. Kituo kitakachopokea kithibitishe kwa maandishi kwamba kina maji yanayotoka na fundi aliyekubali kukihudumia, kwani chumvi ya hewa ya bahari hula chuma haraka. Dawa na vifaa vyenye tarehe ya mwisho viwe vimebakiwa na mwaka mmoja au zaidi vinapowasili. Kama una uwezo wa kuchagua, mashine ya kuchemshia vifaa, hata ndogo ya kuweka juu ya meza, itawafaa watu wengi kuliko kiti kipya. Na koleo za watoto hazijawahi kutosha.

Nikija likizo, naweza kutibu?

Kwa kibali cha muda kutoka kwa baraza linalosimamia taaluma hapa Zanzibar, ndiyo, na tutakusaidia kukiomba mapema. Sharti letu la ziada ni kwamba kila mgonjwa utakayemgusa awe na mwenyeji atakayemfuatilia ukishaondoka. Kazi ya mzizi wa jino inayohitaji mahudhurio matatu haianzwi na mtu mwenye tiketi ya kurudi wiki hiyohiyo. Kuwafundisha wenzako siku moja, mgonjwa mmoja mikononi mwa wanne, kuna faida zaidi.

Michango inatumikaje?

Nauli za rufaa kwa wagonjwa wasiojiweza, rambirambi, na vifaa vya ziara za skuli. Fedha hutolewa kwa saini tatu, na hesabu husomwa mbele ya wanachama kila mkutano.

Mwanangu anataka kusomea udaktari wa meno. Aanzie wapi?

Masomo ya fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha tano na cha sita, kisha shahada ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi kabla ya usajili kamili. Kuhusu gharama, Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na masharti ya kila mwaka yasomwe mapema. Akipenda, mlete kliniki kwa mmoja wetu akae siku mbili akitazama. Wapo wanaozimia wakiona damu kisha wakawa madaktari hodari, kwa hiyo msimkatie tamaa kwa hilo. Na wasichana waje, kwani kuna akina mama wengi ambao wangefika mapema zaidi kama wangejua wanapokewa na mwanamke.

Mikutano hufanyika wapi?

Mmoja Unguja, unaofuata Pemba, kwa zamu. Huwa Jumamosi, ili wa kisiwa cha pili wapate boti ya kurudi Jumapili. Wenyeji hulaza wageni majumbani.

Nimestaafu na mikono yangu haitulii tena. Je, bado nina nafasi?

Una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Wastaafu watatu wamo katika orodha ya wanaopokea simu, na ndio wanaopigiwa zaidi, kwa sababu wana muda wa kusikiliza na wameona kila aina ya jino lililokataa kutoka. Tunachohitaji kwako ni simu inayowaka na kibali cha kukupigia baada ya isha. Asiyeweza kusafiri kuja mkutanoni atufahamishe anaishi shehia gani, na vijana wa karibu watakwenda kumsomea taarifa nyumbani na kumletea maswali yao.